Nyumba ya duka Mji Mkongwe: irudishwe asili ipi?

Marahaba, mwanangu, na poleni kwa mvutano. Barua yako nimeisoma yote na picha nimezikuza moja moja. Kwa faida ya wasomaji wengine, kisa chenu kwa ufupi ni hiki. Babu yenu amewaachia nyumba ya duka Unguja, katika njia inayotoka Darajani kuingia ndani ya Mji Mkongwe, aliyoinunua serikalini mwanzoni mwa miaka ya 1990. Chini kuna vyumba viwili vilivyofuatana na ngazi ya mbao pembeni, juu kuna vyumba vya kulala na roshani. Bibi alikuwa akisimulia kuwa alinunua kanga humo alipokuwa mwanamwali. Baba anakumbuka kutumwa foleni ya sukari mlango huo huo. Wewe umekuta cherehani, kisha vinyago na michoro ya tingatinga ya kuuzia watalii. Sasa amekuja mpangaji anayetaka mkahawa: avunje ukuta wa kati, ang'oe milango ya mbao aweke kioo, na juu ajenge vyoo vitatu. Kaka yako aliyeko Dar es Salaam hataki hata kumsikia. Yeye anataka nyumba "irudishwe asili", na anataja pia sheria ya kutaifisha majumba. Unauliza nani kati yao mwenye haki, na hiyo asili ni ipi.

Nianze na jibu, maelezo yafuate. Mkahawa mkubalieni. Ukuta wa kati asiuguse, milango ya mbao ibaki, na vyoo vya juu akavisahau. Kaka yako ana haki ya kuogopa, ila anaogopa kitu sicho. Nyumba za namna hii hazijafa kwa kubadilishwa kazi. Nyingi zimepona kwa sababu hiyo hiyo. Zinazokufa ni zile zilizobadilishwa mwili.

Anaposema asili, nadhani akilini ana duka la nguo la hadithi za bibi. Lakini hilo ni duka ambalo bibi alilikuta tu. Mji Mkongwe una namna mbili kubwa za nyumba za zamani, na kila moja iliichukulia biashara kwa njia yake. Nyumba ya Kiarabu imeipa njia mgongo: kuta nene, madirisha machache chini, mlango mmoja mkubwa wa kuchonga, baraza nje na ua katikati ambako ndiko maisha yaliko. Tajiri wa pembe au wa karafuu alifanya biashara humo humo, mzigo umelala chini, familia juu, mgeni anapokewa barazani. Nyumba ya duka iliyoletwa na Wahindi wa Kutch na Kathiawar, hasa katika nusu ya pili ya karne ya 19, ni kinyume chake. Uso wote wa chini ni mbao za kukunja. Asubuhi zinakunjwa na duka linamwagikia njiani. Usiku zinarudishwa na njia inabaki na kuta mbili za mbao.

Kuna aina ya tatu ambayo watu huisahau, nayo ni nyumba ya Kiarabu iliyotobolewa maduka baadaye, kodi za maduka ya njia kubwa zilipoanza kuwatia wenye nyumba tamaa. Tazama tena picha yako ya mlango wa kushoto, pale lipu ilipobanduka. Mawe ya pembeni yamekatwa ovyo, mapengo yamezibwa kwa vipande vya matofali, na juu ya uwazi hakuna mhimili wa mti bali pande la chuma. Mlango wa kulia haupo hivyo: mawe yake yamepangwa, chokaa yake imekunjwa vizuri hadi ndani. Maana yake nusu ya duka lenu ni changa kuliko nyumba. Pale kushoto palikuwa na ukuta, huenda na baraza mbele yake. Kaka yako akishikilia asili, itabidi azibe nusu ya duka kwa mawe. Muulizeni kama ndicho anachokitaka.

Nadhani atakataa, na mimi ningekataa pia.

Tuingie ndani. Umepima chumba cha mbele, ukapata upana wa mita 2.8 na urefu unaozidi mara mbili ya hapo. Hiyo 2.8 haikuchaguliwa na mwenye duka. Imechaguliwa na mkoko. Boriti nzuri ya mkoko inakupa mita mbili na nusu, tatu ikizidi sana, na ndiyo sababu vyumba vya zamani pwani nzima, Lamu, Mombasa, Unguja, Kilwa, vina wembamba ule ule. Mjenzi akitaka chumba kikubwa anakirefusha upande wa pili, boriti zikiendelea kupangwa moja baada ya nyingine kutoka ukuta hadi ukuta. Juu ya boriti panatandazwa vipande vya matumbawe, juu yake zege la chokaa linalopondwa mpaka likaze. Sakafu ya namna hiyo ni nzito ajabu, na uzito wote unashukia kuta mbili tu.

Chumba chembamba, kirefu, kilicho wazi upande wa njia: humo unaweza kupanga majora ya nguo, magunia, cherehani zikifuatana, rafu za vinyago, au meza sita za kahawa. Hakuna kazi hata moja kati ya hizo iliyohitaji chumba kibadilishwe. Hapo ndipo ilipo siri ya nyumba yenu.

Sasa picha iliyonifurahisha kuliko zote, ile ya kulabu. Boriti ya tatu kutoka mlangoni ina kulabu ya chuma, nene kama kidole gumba, na chini yake mti umelika na kung'aa kwa kusuguliwa na mnyororo. Hapo ilining'inia mizani. Nguo hazipimwi kwa mizani, zinapimwa kwa wari. Kwa hiyo humo kulikuwa na kitu cha kupimwa kwa uzito, na kizito, si sukari ya kilo moja moja. Na kuna jambo ambalo pengine hukuliona: kwenye shingo ya kulabu kuna matone mawili ya rangi ya kijani. Wewe mwenyewe umeniandikia kuwa ulipoukwangua mlango kwa wembe, mahali padogo pa ukubwa wa sarafu, ulikuta vanishi ya kahawia juu, chini yake buluu, chini yake kijani, chini yake rangi ya maziwa, kisha mti mtupu wenye mafuta. Na baba anasema enzi za foleni milango ilikuwa kijani. Basi fundi aliyepaka kijani aliikuta kulabu ipo. Mizani ni ya kabla ya foleni, yaani zama za bibi au kabla yake.

Je, bibi amekosea kusema lilikuwa duka la nguo? Hapana. Biashara ya Unguja ilikuwa imefungamana hivyo. Mwenye duka alikopesha nguo, mchele na fedha kwa mwenye mashamba au mchumaji, na deni lilirudi msimu wa karafuu likiwa ndani ya magunia. Duka lile lile lililokunjua kanga mbele lilipima karafuu nyuma, likampelekea tajiri mkubwa, naye akapeleka forodhani. Juu kabisa ya mlolongo huo walikuwapo watu kama Jairam Shivji, ambaye nyumba yake ya biashara ilikodi ushuru wa forodha wa Sultani kwa miongo kadhaa, na baada yake Tharia Topan. Duka lenu lilikuwa ngazi ya chini kabisa ya jengo hilo la mikopo, na kulabu ndiyo hati yake.

Ngazi hiyo ilitikiswa mara nyingi. Kimbunga cha 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikaokoka, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyobeba zao. Reli ya kutoka Mombasa, iliyoanza kujengwa 1896 na kufika Kisumu 1901, ilihamishia Mombasa sehemu kubwa ya biashara ya bara. Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ilikipa Chama cha Wakulima wa Karafuu mamlaka makubwa juu ya ununuzi na usafirishaji wa karafuu. Wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma kuzigusa, na India, iliyokuwa mnunuzi mkubwa, ikasusa pia, mpaka pakapatikana suluhu 1938. Siwezi kuapa kuwa mizani yenu iliteremshwa mwaka huo. Ila kama ningeambiwa nikisie ni lini duka la nguo na karafuu lilibaki kuwa duka la nguo tu, hapo ndipo ningeweka kidole.

Halafu 1964. Hii ndiyo sehemu ambayo watu wa rika la baba yako huizungumza kwa kupunguza sauti, na ndiyo iliyobadilisha Mji Mkongwe kuliko vimbunga vyote. Baada ya Mapinduzi ya 12 Januari wenye nyumba wengi, Waarabu na Wahindi, waliondoka, wengine kwa siku chache, wengine kwa miaka iliyofuata. Nyumba nyingi zikawa mali ya serikali. Vyumba vya juu wakapewa watu kutoka Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, na mashamba, mara nyingi familia moja kwa kila chumba, katika nyumba iliyojengewa familia moja tu. Maduka ya chini yakafungwa au yakawa ya serikali. Karafuu zikashikwa na shirika la biashara la dola, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1970 chakula kilikuwa kwa mgao: mchele, unga, sukari. Mtoto anatumwa alfajiri na kikapu kuwekea nafasi.

Sasa angalia kizingiti cha chini cha mlango wa kulia, ule wa zamani. Kimelika upande mmoja tu, kule kushoto kabisa. Kizingiti cha duka la nguo hakiliki hivyo, kwa sababu wateja wanaingia popote, uso wote uko wazi. Kizingiti kilicholika upande mmoja ni cha mlango uliofunguliwa ubao mmoja tu, watu wakipita mmoja mmoja. Mwonyesheni baba, atawaambia kama foleni iliingilia hapo.

Lililotokea miaka hiyo kwa majengo halikuwa uharibifu wa makusudi. Kodi zilikuwa ndogo mno, mpangaji hakuwa na hakika kama mwakani atakuwapo, na chokaa ni kitu cha kurudiwa kila baada ya misimu michache. Hakuna aliyepanda juu ya paa kuziba tundu la bati, kwa kuwa paa halikuwa la mtu. Mtu mmoja akiishi chini ya bati linalovuja, na mwingine chini yake, na duka chini yao wote, maji ndiyo pekee yenye uhuru wa kupita vyumba vyote vitatu.

Kuanzia 1984, Ali Hassan Mwinyi alipokuwa Rais wa Zanzibar, biashara ililegezwa na bidhaa za nje zikarudi madukani. Ndipo walipokuja washoni wako: kitambaa kimepatikana, kila mtu anataka suruali na gauni. Mwaka 1985 ikaanzishwa Mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe, serikali ikauzia watu baadhi ya nyumba, na babu yenu akawa mmoja wa walionunua. Watalii walipoongezeka, na hasa baada ya UNESCO kuuingiza mji kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, mshoni hakuweza tena kushindana kwa kodi na muuza vinyago. Hilo la mwisho mimi linanikera kidogo, lazima niseme. Mshoni alikuwa mtu wa mtaa. Lakini nyumba haikuumia: chumba kile kile, boriti zile zile.

Ukitaka kumwonyesha kaka yako kuwa hili si la kwenu tu, mpeleke akaone majengo makubwa ya pale pale pwani. Lile Jengo la Zahanati ya Zamani, Mizingani, lenye roshani za mbao zilizotobolewa nakshi, jiwe lake la msingi liliwekwa 1887 kwa fedha za huyo huyo Tharia Topan, likikusudiwa kuwa hospitali. Tajiri akafariki Bombay 1891, jengo likakamilishwa 1894 likiwa mikononi mwa familia yake, kisha likauzwa. Mnunuzi akaweka zahanati chini na makazi juu, na ndilo jina lililobaki. Baada ya 1964 likaingia mikononi mwa serikali na kuoza pole pole mpaka miaka ya 1990, Taasisi ya Utamaduni ya Aga Khan ilipolifufua kuwa kituo cha utamaduni chenye maduka na ofisi. Hapakuwa na muda mrefu hata mmoja ambapo jengo lile lilifanya kazi ile ile iliyokuwa kichwani mwa aliyelianzisha. Forodha ya zamani, karibu nalo, ilikuja kuwa chuo cha muziki. Palipolia mihuri ya ushuru pakaja kulia qanuni na udi. Jengo la kampuni ya simu kule Shangani ni hoteli tangu miaka ya 1990. Na akija Nairobi, apite mbele ya Kipande House: lilijengwa 1913, likatumika kama ghala la reli, likawa ofisi ambako Waafrika waliandikishwa na kuvikwa vipande, yaani vitambulisho vya kikoloni, shingoni, na leo ni tawi la benki. Watu wanatoa mshahara pale ambapo babu zao walipewa nambari.

Yanayopata taabu ni majengo yaliyozaliwa na kazi moja tu mwilini. Sinema ndiyo mfano. Ukumbi wa Majestic pale Vuga umejengwa kwa ajili ya kutazama upande mmoja gizani: hauna madirisha. Watu walipoacha kwenda sinema, jengo likabaki limekaa, kila wazo jipya linagongana na umbo lake. Duka lenu halina shida hiyo, na msiliumbie shida hiyo kwa kulikatia mwili ulingane na mpangaji mmoja.

Hapo ndipo tufike kwa mpangaji wenyewe, ombi moja moja.

Ukuta wa kati. Kwenye picha za dari naona boriti za chumba cha mbele zinakwenda upande, zimelala kwenye kuta za ubavu, kwa hiyo fundi wake atawaambia ukuta wa kati haubebi kitu. Mpeleke chumba cha nyuma. Boriti za nyuma zimegeuka, zinakwenda mbele na nyuma, na vichwa vyake vya upande mmoja vimeingia kwenye ukuta huo huo anaotaka kuuvunja. Juu yake kuna chumba cha kulala na zege lake la chokaa. Atakuja na wazo la nguzo mbili na boriti ya zege yenye nondo. Linawezekana kwenye karatasi. Ila nguzo ya zege haina msingi ndani ya nyumba iliyosimama juu ya mawe na udongo, itazama kwa kiasi tofauti na kuta, na nyufa zitaanzia juu ya kila nguzo. Mwambieni badala yake: chumba cha mbele wateja, cha nyuma jiko, ukuta ubaki kati yao. Mwenye mkahawa yeyote mwenye uzoefu atashukuru kuwa na ukuta wa mawe kati ya joto la jiko na meza za wateja. Ubao wa mlango wa kati unaweza kutolewa na kuhifadhiwa juu. Moshi utokee uchochoro wa nyuma kwa bomba, na mitungi ya gesi ikae nje huko huko, siyo chini ya ngazi ya mbao. Hilo la ngazi nimelikuta kwenye mchoro wake na sikulipenda hata kidogo.

Kioo. Anakitaka kwa sababu ya kipoza hewa na vumbi, na ana haki. Kiwekwe ndani, nyuma ya milango, kwenye fremu ya mbao inayojitegemea isiyopigiliwa kwenye kuta za zamani zaidi ya pale inapobidi. Mchana milango ikunjwe ubavuni, usiku ifungwe kama zamani, naye hatahitaji shata la chuma. Mbao tatu zimeoza chini kwa sababu ya maji ya kudekia. Zisitupwe: sehemu iliyooza ikatwe, iungwe mvule au msaji kwa ulimi na tundu, isiwe kwa misumari. Na kipoza hewa chake kiwe na mrija unaofika chini kabisa. Vipoza hewa vinavyodondokea ukutani vimekuwa donda la mji huu.

Vyoo juu. Hapa msilegeze hata kidogo. Boriti ya mkoko ikiwa kavu inadumu zaidi ya umri wa mtu. Ikilowa, inaoza kuanzia kichwani, ndani ya ukuta, mahali usipopaona, na katikati inabaki nzuri kabisa ya kukudanganya. Choo cha juu kinavuja siku moja, leo au baada ya miaka mitano. Kigae hakizuii, saruji chini ya kigae haizuii. Vyoo viwekwe nyuma chini, palipo na mfereji tayari, na viwili vinatosha kwa meza sita. Tenki la maji lisikae juu ya sakafu ya zamani. Likae ardhini nyuma, na pampu. Choo kimoja kilichopo juu sasa kichunguzwe kabla ya lolote: chukueni bisibisi nyembamba, mchokoe boriti za chini yake pale zinapoingia ukutani. Ikizama bila nguvu, kichwa kimeoza.

Kuna jambo ambalo mpangaji hakuliomba na wewe hukuliuliza, na huenda ndilo kubwa kuliko yote. Ukuta wa ubavu, kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno, umepigwa lipu ya saruji, nadhani enzi za vinyago, ili uonekane safi. Juu ya mstari huo lipu ya chokaa inachanua unga mweupe na kumeguka. Unga huo ni chumvi. Nyumba hizi hazina kizuizi cha unyevu kwenye msingi. Maji ya ardhini yanapanda ndani ya ukuta, na zamani yalitoka taratibu kupitia chokaa, ukuta ukakauka wenyewe. Saruji imeziba njia, basi unyevu umepanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, ukibeba chumvi ya bahari, na chumvi inapokauka ndani ya jiwe inalivunja. Fundi atakwambia dawa ni kupandisha saruji mpaka juu. Mwaka wa kwanza mtamsifu. Saruji yote itolewe, kwa patasi na taratibu, ukuta uachwe wazi upumue kwa msimu mzima wa kiangazi, kisha upigwe lipu ya chokaa iliyorojwa na kulazwa shimoni kwa wiki nyingi, siyo ile ya mfuko iliyochanganywa jana. Fundi akisema ataongeza saruji kidogo tu ili ishike haraka, mtafute mwingine. Inachukua muda na inaweza kumchelewesha mpangaji. Jambo hilo liingie kwenye mazungumzo ya kodi sasa, lisije likawa ugomvi baadaye.

Upande wa sheria, hakuna jiwe litakalotolewa bila kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Hata kubadilisha kazi ya jengo kutoka duka kuwa mkahawa kunahitaji idhini. Nendeni nyinyi wenye nyumba, msimwachie mpangaji, maana kosa likitokea mnayeulizwa ni nyinyi. Ulizeni pia jengo lenu limewekwa daraja gani kwenye orodha yao. Hilo ndilo litaamua mambo mengi ya uso wa nje. Angalieni vilevile kwenye Kamisheni ya Wakfu kama kiwanja au sehemu ya nyumba iliwahi kuwekwa wakfu, kwa sababu mji huu una nyumba nyingi ambazo ghorofa moja ni ya mtu na nyingine ni ya msikiti.

Na kaka yako amechanganya sheria mbili. Ile anayoisema, ya kutaifisha majumba yenye thamani ya shilingi 100,000 kwenda juu, iliyoleta Msajili wa Majumba na ambayo nyumba zake ziliishia Shirika la Nyumba la Taifa 1990, ni sheria ya 1971 ya Tanzania Bara. Unguja ilikuwa na njia yake tangu 1964. Hati ya babu yenu ya mauzo kutoka serikalini ndiyo ya kushika, na kama karatasi yake halisi imekaa kwenye droo yenye unyevu, itoeni leo mkaipige nakala.

Kuhusu fedha nitasema kidogo. Anawapa kilemba kikubwa, yaani fedha ya mara moja ya kuingilia, ili mkubali mkataba wa miaka kumi. Kilemba kinapendeza kwa sababu kinakuja mara moja, na ndugu watano mkigawana kinakwisha mara moja pia. Ningechukua kidogo zaidi, mkataba wa miaka mitano wenye nafasi ya kuongeza, na ndani yake iandikwe wazi: hakuna kuvunja ukuta, hakuna saruji, hakuna maji juu, paa linakaguliwa kila mwaka kabla ya masika kwa gharama za wenye nyumba, na chochote kitakachotolewa, ubao, komeo, kulabu, kinahifadhiwa humo humo. Juu msikodishe kwake. Mweke mtu anayelala, wa ukoo ikiwezekana. Nyumba yenye mtu juu, tundu la bati linajulikana usiku ule ule.

Mpangaji alete mchoro mpya wenye jiko nyuma na vyoo chini. Mkishachokoa zile boriti za chini ya choo, nitumie picha ya kila kichwa pamoja na urefu bisibisi iliyoingia. Zikiwa zimeoza mbili au tatu tu, tutazungumzia kuunga. Zikizidi, mkahawa usubiri, na familia itafute kwanza fundi wa boriti.